Dume wa mbio aliyebaki shambani: jibu kwa mama wa Njoro

Barua imetoka kwa mama mmoja anayeishi karibu na Njoro. Naifupisha hivi: "Daktari, mume wangu alifariki mwaka jana, akaniachia shamba na dume mmoja wa mbio, thorobredi wa miaka saba. Alishinda mbio nne pale uwanja wa Ngong, Nairobi, kabla ya kustaafu. Tangu msiba, watu watatu wenye farasi majike wamenipigia simu wakitaka awapandie. Mimi ni mtu wa ng'ombe wa maziwa. Farasi ilikuwa kazi ya mzee. Nianzie wapi, na nitoze kiasi gani? Jirani ananishauri nimkamue mbegu niuze kama za fahali, nisisumbuke na wageni shambani. Na mmoja wa hao watatu, jike wake na dume wangu ni wa baba mmoja. Kuna ubaya?"

Mama, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Na hongera kwa kuuliza kabla ya kufungua geti.

Nianze na jirani, kwa sababu ushauri wake ungekutia hasara kubwa kuliko yote. Kwa ng'ombe anasema kweli. Kwa thorobredi amepotea. Thorobredi si farasi yeyote anayejua kukimbia. Ni farasi ambaye baba, mama na wazazi wao wa nyuma wote wameandikwa katika kitabu cha nasaba, kile ambacho familia ya Weatherby ilianza kukichapisha Uingereza mwaka 1791. Nchi nyingine zenye mbio hizi zina vitabu vyao, na vyote vinashika kanuni moja: mtoto anaandikwa tu kama dume alimpanda jike mwenyewe, mwili kwa mwili. Mtoto aliyepatikana kwa mbegu iliyotiwa kwa mrija haandikwi. Wala aliyebebwa na jike mwingine baada ya kuhamishwa akiwa kiinitete, hata kipimo cha DNA kikionyesha wazi baba ni nani. Huko Australia, Bruce McHugh aliipeleka kanuni hiyo mahakamani akidai inabana biashara. Mwaka 2012 Mahakama ya Shirikisho ikamkatalia. Kwa hiyo chupa ya mbegu ya dume wako, kwa mtu anayetaka farasi wa mbio, haina thamani ya shilingi moja.

Wapo wanaoilaumu kanuni hiyo. Mimi nasema inakulinda wewe. Dubawi, dume maarufu wa kupandisha, yuko Newmarket, Uingereza, na ada yake ilifika pauni 350,000 kwa jike mmoja. Kama mbegu ingeruhusiwa kusafiri, madume wachache wa aina yake wangejaza vitabu vya dunia nzima, na madume wa mashamba yetu wangehasiwa wote. Tena jike wa Kenya hapelekwi Ulaya akapandishwe kirahisi, maana ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi vya usiku, upo kwetu na wenzetu wanauogopa kama moto. Mwenye jike aliyeko Molo anahitaji dume aliye mwendo wa lori moja. Ndiyo maana simu yako inalia.

Sasa ujue unachouza. Watu wengi hudhani wanauza kupanda. Kupanda ni kazi ya dakika chache. Mwenye jike ananunua mtoto aliyesimama kwa miguu yake minne, akanyonya, na jina lake likaingia kitabuni bila ubishi. Hayo yote usipoweza kuyasimamia, bora usianze, kwa sababu mwenye jike anapoteza mwaka mzima. Mimba ya farasi ni takribani siku 340. Jike akirudi mtupu, hakuna namna ya kumrudishia bwana huyo mwaka wake.

Kabla ya ada, kuna swali chungu: dume wako anastahili? Mbio nne Ngong ni sifa, lakini sifa ya mbio pekee haitoshi. Danzig alikimbia mara tatu tu maishani kabla ya goti kumshinda, akashinda zote tatu, na watu wakampelekea majike kwa sababu baba yake alikuwa Northern Dancer, dume aliyesifika kwa uzao wake. Akawa mmoja wa madume wakubwa wa karne iliyopita. Kwa upande wa pili kuna Cigar, bingwa wa Marekani aliyeshinda mbio 16 mfululizo. Alipopelekwa kupandisha ikagundulika mbegu zake hazizai. Hakuacha mtoto hata mmoja, na kampuni za bima zililipa dola milioni 25. War Emblem, mshindi wa Kentucky Derby ya 2002, aliuzwa Japani kwa mamilioni na huko akawa hawataki majike; alikuwa akichagua mmoja mmoja kwa miaka. Hapo ndipo utaona kwamba ubingwa, damu na uwezo wa kuzalisha ni vitu vitatu, na kila kimoja kinapimwa peke yake.

Tafuta pasipoti ya dume wako na karatasi zake za nasaba katika makabati ya mzee. Hakikisha chipu ya shingoni inasomeka na namba zinalingana, na kwamba sampuli ya nywele zake imeshapimwa DNA, kisha uwaandikie Jockey Club of Kenya, wanaosimamia mbio za Ngong, wakueleze fomu za kumsajili kama dume wa kupandisha. Fanya hivyo kabla ya jike wa kwanza kushuka kwenye lori. Nimeona watoto wazuri wakikaa miaka miwili bila majina kwa sababu mwenye dume alipandisha kwanza, karatasi akazitafuta baadaye.

Halafu mwite daktari wa farasi, si wa ng'ombe, amwangalie mwili mzima. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka. Kama moja imebaki tumboni, ahasiwe. Kasoro hiyo huenda kwenye uzao. Meno ya juu na ya chini yakutane. Aulizwe saisi, yaani mtunza farasi, aliyemzoea: alipokuwa akikimbia, alikuwa anakoroma? Farasi anayekoroma kwenye mwendo mkali mara nyingi ana koo lililopooza upande mmoja, na mimi sipendi kumwona kwenye orodha ya madume hata awe na vikombe vingapi. Nchi yetu ina majike wachache. Kasoro moja ikiingia, baada ya vizazi viwili imeenea mashamba yote.

Mbegu zake zipimwe pia, wingi wake na jinsi zinavyokwenda. Wewe wa maziwa utalielewa hili haraka: mbegu ya farasi huchukua takribani siku 57 kutengenezwa korodanini. Dume akipata homa kali leo, kama homa ya chanjo au ya kupe, madhara yake yanaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba aliugua. Kwa hiyo chanjo zake apewe mapema, miezi miwili na zaidi kabla ya jike wa kwanza, na tarehe iandikwe.

Kisha magonjwa. Mwaka 1977 huko Newmarket majike walianza kutokwa na usaha baada ya kupandwa, na mimba hazikushika. Ikajulikana ni bakteria mpya, aliyekuja kuitwa Taylorella equigenitalis. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umefika Kentucky, na madume waliouleta walitoka Ulaya wakiwa hawana dalili hata moja. Usaha na ugumba ni vya jike. Dume anabeba tu, anapanda, anapeleka kwa anayefuata. Kwa sababu hiyo dume wako achukuliwe sampuli kwa pamba kwenye uume, kwenye ngozi inayoufunika na kwenye njia ya mkojo, na damu yake ipimwe anemia ya kuambukiza ya farasi na virusi vya ateraitisi, ugonjwa wa mishipa ya damu. Kila jike anayekuja naye aje na majibu yake ya maabara mkononi. Asiye na majibu asishuke kwenye lori. Hata akiwa wa rafiki wa mzee. Hasa akiwa wa rafiki wa mzee, maana hao ndio watakaokuambia "sisi tunajuana".

Nikueleze siku ya kupandisha yenyewe ilivyo, kwa sababu barua yako inaonyesha hujawahi kusimama karibu.

Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hukaa siku tano hadi saba. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hazitofautiani sana, kwa hiyo hatuna haja ya kuwawashia majike taa saa 16 kwa siku kama wanavyofanya Ulaya wakati wa baridi. Lakini usimpeleke jike kwa dume wako moja kwa moja ili kujua kama yuko tayari. Tafuta dume mwingine wa kujaribia, hata farasi mdogo wa bei nafuu, asimame upande wa pili wa ukuta wa mbao uliozibwa vizuri. Jike aliye kwenye joto ataegemea, atainua mkia, atachuchumaa kidogo na kukojoa, na uke wake utafunguka na kufunga kama jicho linalokonyeza. Ambaye hayuko atalaza masikio nyuma, apige kelele na kurusha teke. Teke hilo likimpata dume wako gotini, biashara imekwisha siku hiyohiyo. Daktari amwangalie jike kwa altrasaundi kila baada ya siku moja au mbili, akifuata yai linavyokua, kwa sababu yai likishatoka halidumu hata siku nzima, ilhali mbegu za dume mzima huweza kulingoja kwa siku mbili. Kupanda kunatakiwa kutangulie kidogo. Ukijua saa, dume anapanda mara moja. Usipojua, utamchosha kwa mara nne.

Asubuhi yenyewe, jike anafungwa bendeji mkiani, anaoshwa nyuma kwa maji safi ya vuguvugu na kukaushwa. Kwato za nyuma zisiwe na viatu vya chuma. Avishwe viatu vizito vya kitambaa ili teke likitoka lisivunje mfupa. Dume naye anaoshwa kwa maji ya vuguvugu matupu. Usiruhusu mtu kuleta sabuni ya dawa akidhani anazidisha usafi: sabuni hiyo huua bakteria wa kawaida wa ngozi, na nafasi yao huchukuliwa na Pseudomonas na Klebsiella, ambao kuwaondoa ni taabu ya miezi. Mpe hatamu moja ya kazi hii tu, tofauti na ile ya kutembezwa. Baada ya wiki mbili ataijua. Akivishwa ya kazi atakuja amejikunja shingo, akinguruma. Akivishwa ile nyingine atakwenda malishoni kwa utulivu kama mzee anayekwenda msikitini. Dume asiyefundishwa tofauti hiyo ni hatari kwa kila mtoto anayepita uani.

Watu wawe watatu au wanne, wote na kofia ngumu. Mmoja kichwani kwa jike, amesimama ubavuni na si mbele, mmoja na dume, mmoja wa kushika mkia wa jike kando. Kama jike ana mtoto anayenyonya, mtoto ashikwe mahali ambapo mama anamwona. Dume huletwa kwa pembeni, upande wa kushoto wa jike, si nyuma moja kwa moja, na asiruhusiwe kuparamia hadi awe tayari. Akishapanda, tazama mkia wake. Mbegu zikitoka mkia hupigapiga juu chini, kama mtu anayesukuma pampu ya maji. Aliyezoea huweka pia mkono chini ya mzizi wa uume, na huhisi mapigo yanapita. Usipoona mkia ukipiga, usiandike kwamba amepanda.

Hapo nakumbuka jambo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa shamba fulani. Asubuhi moja tulipandisha majike wawili, na kwa wa pili dume alishuka mapema. Saisi wetu, mtu mzima aliyekuwa na farasi tangu utoto, akasema taratibu, "Mkia haukupiga." Meneja alikuwa na haraka, lori la mwenye jike lilikuwa linangoja. Akasaini hati kwamba jike amepandwa, nami niliyesikia nikanyamaza. Jike alikuwa mtupu. Mwenyewe alikuwa ameshalipa ada yote, hakurudishiwa, na hakurudi tena pale, wala jirani zake wawili. Tangu siku hiyo neno la saisi kwangu ndilo la mwisho. Kama saisi wa mzee bado yuko hapo kwako, Mama, mwongeze mshahara kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Baada ya siku 14 hadi 16 jike anapimwa tena kwa altrasaundi. Siku hizo ni za lazima kwa sababu ya mapacha. Farasi si mbuzi. Tumbo lake halilei wawili vizuri, na wengi huharibu mimba yote miezi ikiwa imekwenda mbali. Daktari akiwaona mapema huminya kiinitete kimoja, kingine kikaendelea. Akichelewa mpaka siku ya 35 na kuendelea, mwili wa jike umeshajifunga kwenye mimba hiyo, na hata ukiiondoa harudi kwenye joto kwa muda mrefu. Siku ya 28 hivi moyo wa mtoto unaonekana ukipiga kwenye kioo. Mwite mwenye jike aje aone. Hakuna risiti itakayomridhisha kuliko hiyo.

Nimefika kwenye pesa. Sitakutajia ada, kwa sababu ada haitoki kichwani kwa daktari. Inatoka kwenye bei ambayo watoto wa aina yake wanauzwa hapa nchini. Uliza watoto wa mwaka mmoja wa madume wanaolingana naye wameuzwa kiasi gani, kisha ujiulize mwenye jike, akishalisha mama na mtoto kwa miaka miwili na kumlipa daktari, atabaki na nini. Kama ada yako inakula kilichobaki, hatakuja, au atakuja mara moja tu. Storm Cat wa Kentucky alitozwa dola 500,000 kwa jike mmoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watu wakapanga foleni, kwa kuwa watoto wake walikuwa wanauzwa kwa mamilioni. Ada ilifuata watoto.

Na watoto wa dume wako hawajaonekana bado. Akipanda mwaka huu, mtoto anazaliwa mwakani, anakimbia akiwa na miaka miwili au mitatu. Una miaka mitatu minne ya kungoja kabla Ngong haijasema lolote. Kwa kipindi hicho ningekushauri utoze kidogo, na kwa jike aliyeshinda mbio nzuri au aliyekwisha kuzaa mshindi usitoze kabisa, mwenyewe alipie chakula, malazi na daktari tu. Jike mzuri ndiye atakayemtengenezea dume wako jina. Kumi wa aina hiyo msimu wa kwanza wanatosha sana.

Masharti yaandikwe, ukurasa mmoja, Kiswahili kinachoeleweka. Ada ilipwe mtoto akisimama na kunyonya, si kabla. Mtindo huo unatumika sana Marekani, na kwa dume asiyejulikana ndio unaowapa watu moyo. Uingereza na Ireland wengi hulipa kama jike ana mimba tarehe 1 Oktoba, lakini dume wao tayari ana jina. Chakula cha jike anapokaa kwako kilipwe kwa siku, kila mwezi, mimba ishike isishike, maana nyasi zako zimeliwa. Eleza nani analipa daktari, nani anabeba hasara jike akiumia, na itakuwaje dume akifa au akiuzwa kabla msimu haujaisha. Hati ya kupandwa, inayohitajika kumwandikisha mtoto, utaitoa ada ikishalipwa.

Utapata pia mtu wa kukuambia umuuzie dume moja kwa moja. Usiharakishe. Christopher Chenery wa Virginia alipofariki Januari 1973, binti yake Penny alikabiliwa na kodi kubwa ya urithi, na miongoni mwa mali zenye thamani alikuwapo farasi mmoja wa miaka mitatu, Secretariat. Hakumtoa kwa mtu mmoja. Haki za kupandisha ziligawanywa hisa 32, kila moja dola 190,000, jumla dola milioni 6.08, naye akabakiza hisa chache. Na miezi michache baadaye farasi huyo akashinda mbio zote tatu kuu za Marekani. Kwa kiwango cha Njoro unaweza kufanya vivyo hivyo: hawa waliokupigia wanunue haki ya kupandisha jike mmoja kila mwaka maisha yote ya dume, wewe ubaki mwenye shamba na mwenye sauti. Mwone wakili aandike.

Lakini si wote watatu. Yule ambaye jike wake na dume wako ni wa baba mmoja, mwambie hapana. Kitabu hakitamkataza, na kuna wafugaji wakubwa waliowahi kukutanisha ndugu wa namna hiyo kwa makusudi. Walikuwa na mamia ya majike na uwezo wa kuficha makosa yao. Wewe una dume mmoja, na mtoto wake wa kwanza atatazamwa na kila mtu pale uwanjani: akitoka na miguu iliyopinda, hakuna atakayeuliza habari za mama yake. Mwelekeze bwana huyo kwa dume wa damu nyingine, umpe na jina la shamba ukilijua. Hao wawili waliobaki waambie walete majibu ya maabara kwanza, kisha mpange tarehe.